Kuambia na Kuambiana: Historia ya Mazungumzo baina ya Wairani wa Ughaibuni na Wairani wa Nyumbani, 1876–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Wairani waishio ughaibuni walivyowasiliana na wenzao waliobaki nyumbani, tangu gazeti la Akhtar lilipoanza kuchapishwa Istanbul mwaka 1876 hadi mwaka 2023, zilipotolewa hati mbili za kisiasa, moja ndani ya Iran na nyingine nje yake. Hoja kuu ni kwamba hatima ya mawasiliano hayo ilitegemea mambo matatu kuliko ilivyotegemea ukubwa wa sauti iliyotoka nje: kuwapo kwa njia ya kurudishia jibu, matumizi ya lugha inayoeleweka na pande zote mbili, na mgawanyo wa hatari baina ya aliye nje na aliye ndani. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa washauri wa sera wanaotaka kusaidia mazungumzo ya aina hii bila kuwaponza wanaoyashiriki.

1. Utangulizi

Neno la Kiajemi linalotumika zaidi kwa maana ya mazungumzo ni goftegu. Neno hili limeundwa kwa mashina mawili ya kitenzi kimoja, "kusema": shina la wakati uliopita na shina la wakati uliopo. Katika umbo lake hamna dalili ya kusikiliza. Kiswahili kwa upande wake kimeiweka nafasi ya mtu wa pili ndani ya sarufi yenyewe. Majadiliano, maelewano na mapatano ni maneno yaliyotokana na kauli ya kutendana, na hayakamiliki bila watu wawili wanaotendeana tendo lilelile. Asili ya neno haiamui matumizi yake, na Wairani hujadiliana kama watu wengine wote. Hata hivyo, tofauti hii ya kisarufi inatoa kipimo kinachofaa kwa historia inayojadiliwa hapa. Kuambia ni jambo moja, na kuambiana ni jambo jingine.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni kabisa katika msamiati wa historia hii. Wairani humwita aliyehama nchi mohajer, nasi tuna mhajiri. Wao walipigania qanun, nasi tuna kanuni. Lugha zote mbili zilichota katika kisima kimoja cha Kiarabu. Lililo geni kwa wengi ni historia yenyewe, ambayo mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilianza na mapinduzi ya mwaka 1979. Ukweli ni kwamba ilianza karne moja kabla yake, na makosa yaliyoonekana katika miongo ya karibuni yalikwisha kuonekana katika karne ya 19.

2. Magazeti ya Uhamishoni: Istanbul, London na Calcutta

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Istanbul ilikuwa na jamii kubwa ya wafanyabiashara wa Kiirani, wengi wao wakiwa na uhusiano wa karibu na Tabriz. Ndani ya jamii hiyo lilizaliwa Akhtar, yaani "Nyota", gazeti lililoendelea kuchapishwa kwa takriban miaka 20. Nguvu yake ilitokana na njia za biashara. Msafara uliopeleka bidhaa Tabriz ulipeleka pia gazeti, na uliporudi ulileta habari, malalamiko na barua. Mfanyabiashara wa Istanbul hakuwa mtu aliyekatika na kwao, kwani mtaji wake, madeni yake na jamaa zake vilikuwa pande zote mbili za mpaka.

Qanun lilikuwa gazeti la namna nyingine. Mirza Malkam Khan alikuwa mwakilishi wa Iran mjini London hadi alipofutwa kazi mwaka 1889 kufuatia mzozo juu ya haki ya kuendesha bahati nasibu. Mwaka uliofuata alianza kuchapisha Qanun, akidai utawala wa sheria katika nchi iliyotawaliwa kwa matakwa ya Shah. Gazeti liliingizwa Iran kwa siri na kusomwa kwa hamu. Lilichapisha pia barua nyingi zilizodaiwa kuandikwa na wasomaji walioko nyumbani. Wataalamu waliozichunguza wanaona kuwa sehemu kubwa ya barua hizo ilitungwa na Malkam mwenyewe. Bila shaka alikusudia kuwatia moyo wasomaji wake kwa kuwaonyesha kuwa hawako peke yao. Lakini alichokifanya ni kuijaza nafasi ya mtu wa ndani kwa sauti ya mtu wa nje. Jambo hili limejirudia mara nyingi baadaye katika sura tofauti.

Mfano wa kinyume ulitokea katika miaka ileile. Mwaka 1890 Nasir al-Din Shah alimpa Mwingereza aitwaye Talbot ukiritimba wa kununua, kuuza na kusafirisha tumbaku yote ya Iran kwa miaka 50. Akhtar lilikuwa miongoni mwa magazeti yaliyoukosoa mkataba huo. Uamuzi uliouangusha, hata hivyo, ulihusishwa na mwanazuoni aliyekuwa nje ya nchi, Mirza Hasan Shirazi, aliyeishi Samarra katika Iraq ya Uthmaniya. Kwa miezi kadhaa alipokea barua na simu za maandishi kutoka kwa wanazuoni na wafanyabiashara wa Iran. Mwezi Desemba 1891 ilienea fatwa iliyotolewa kwa jina lake, iliyoharamisha matumizi ya tumbaku, na watu waliitii nchi nzima. Januari 1892 mkataba ulifutwa. Fatwa hiyo ilikuwa jibu kwa swali lililotoka ndani, na ndiyo maana ilipofika nyumbani ilipokewa na watu waliokuwa wakiingoja.

Kule Calcutta, Habl al-Matin lilianza mwaka 1893 na kudumu kwa zaidi ya miongo mitatu. Baada ya Mapinduzi ya Katiba ya mwaka 1906, toleo lake lilichapishwa pia Tehran kwa muda. Gazeti la uhamishoni lilikuwa limerudi nyumbani. Mlango huo haukukaa wazi kwa muda mrefu. Juni 1908 Bunge lilipigwa mizinga, na Mirza Jahangir Khan, mhariri wa Sur-e Esrafil, yaani "Parapanda ya Israfili", akauawa. Mwenzake, Ali-Akbar Dehkhoda, alikimbilia Ulaya na mwaka 1909 akatoa matoleo matatu tu ya gazeti hilo mjini Yverdon, Uswisi. Hatima za wahariri hao wawili zinaonyesha mapema suala la mgawanyo wa hatari. Maneno yalikuwa ya gazeti moja, lakini aliyebaki nyumbani aliyalipia kwa uhai wake.

3. Berlin, 1916–1922: Suala la Lugha

Kati ya mwaka 1916 na 1922 Sayyid Hassan Taqizadeh aliongoza mjini Berlin jarida la Kaveh. Lilianza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kama chombo cha siasa kilichoungwa mkono na Ujerumani, kisha baada ya vita likageukia zaidi utamaduni na elimu. Mwaka 1921 lilichapisha hadithi fupi ya Mohammad-Ali Jamalzadeh ambayo jina lake linatangaza kuwa Kiajemi ni sukari. Hadithi hiyo inastahili kutazamwa hapa kwa sababu inagusa moja kwa moja tatizo la mhajiri anayerudi.

Msimulizi anarejea kutoka Ulaya na kukamatwa katika bandari ya Anzali. Katika chumba cha mahabusu anajikuta pamoja na watu watatu. Mmoja ni shekhe ambaye Kiajemi chake kimezama katika Kiarabu. Wa pili ni kijana aliyeiga Uzungu, ambaye Kiajemi chake kimezama katika Kifaransa. Wa tatu ni Ramazan, mtu wa kawaida asiyejua kwa nini amefungwa. Ramazan anamwendea shekhe kutafuta faraja na haambulii kitu. Anamwendea kijana, napo hali ni hiyohiyo. Anashikwa na hofu, akidhani amefungiwa pamoja na wendawazimu au majini. Msimulizi anapomsemesha kwa Kiajemi cha kila siku, Ramazan anafurahi kupita kiasi.

Anayemfikia Ramazan ametoka ng'ambo. Kinachomwezesha ni lugha ya Ramazan mwenyewe, ambayo hakuiacha alipokuwa ugenini. Wote wanne ni raia wa nchi moja, wamo chumbani pamoja, na wote ni wafungwa. Hata hivyo wawili kati yao hawawezi kumweleza wa tatu chochote. Mwaka huohuo Jamalzadeh alitoa mkusanyiko wake wa hadithi huko Berlin, na katika dibaji yake alitetea fasihi inayosomwa na watu wote. Baadhi ya watu wa Tehran waliupokea kwa hasira. Hata hivyo, mkusanyiko huo unahesabiwa leo kuwa mwanzo wa hadithi fupi ya kisasa ya Kiajemi. Ni miongoni mwa mambo machache yaliyotoka ughaibuni na kupata makazi ya kudumu nyumbani.

4. Kanda za Kaseti, 1964–1979

Wakati wa utawala wa Mohammad Reza Pahlavi, wanafunzi wa Kiirani waliokuwa Ulaya na Marekani waliunda shirikisho lililoanza Heidelberg mwaka 1960 na kupata sura ya kimataifa katika mkutano wa Paris wa mwaka 1962. Kazi yao iliyoleta manufaa zaidi ilikuwa kuyatangaza majina ya wafungwa wa kisiasa na kuwashawishi mawakili wa kigeni wakahudhurie kesi zao. Walipofanya hivyo walikuwa wakiipaza sauti ya ndani. Walipoanza kugawanyika kwa nadharia za kimapinduzi zilizobuniwa mbali na viwanda na vijiji vya Iran, uzito wao nyumbani ulipungua.

Ayatullah Khomeini alifukuzwa nchini Novemba 1964. Aliishi Uturuki, kisha Najaf kuanzia mwaka 1965, na Oktoba 1978 akahamia Ufaransa, katika kijiji cha Neauphle-le-Château karibu na Paris. Hotuba zake ziliingia Iran kwa kanda za kaseti, na alipokuwa Ufaransa zilisomwa pia kwa simu, zikarekodiwa Tehran, zikanakiliwa na kusambazwa misikitini na sokoni. Kaseti hizo zimeandikiwa sana. Ambalo halisisitizwi vya kutosha ni kwamba njia ilikuwa na pande mbili. Wafanyabiashara, wanafunzi wa dini na mahujaji walikwenda na kurudi, wakipeleka habari za mitaani. Msemaji wa nje alijua wiki kwa wiki watu wako tayari kwa lipi. Alirudi Tehran tarehe 1 Februari 1979.

Utawala uliozaliwa kwa njia hiyo uliielewa nguvu yake kuliko yeyote, na haishangazi kwamba uliweka juhudi kubwa katika kuifunga.

5. Baada ya 1979: Nchi Moja, Saa Mbili

Mapinduzi, kisha vita vya Iran na Iraq vya mwaka 1980 hadi 1988, viliwatawanya Wairani katika Marekani, Kanada, Ujerumani, Uingereza, Sweden na kwingineko. Los Angeles ilipata jamii kubwa kiasi cha kupewa jina la utani Tehrangeles. Kwa mara ya kwanza walioondoka walikuwa familia nzima za tabaka la kati, wenye vyama vinavyopingana, kuanzia wafuasi wa kifalme hadi wa mrengo wa kushoto.

Umbali huo uliingia katika lugha. Barabara kuu ya Tehran iendayo kutoka kusini hadi kaskazini iliitwa Pahlavi kabla ya mapinduzi. Baadaye ikaitwa Valiasr. Aliyeondoka mwaka 1979 aliendelea kuieleza nchi yake kwa ramani ya majina yaliyofutwa, na kijana aliyezaliwa baada ya hapo hakuyajua. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, lakini saa zao hazikulingana.

Hofu iliongeza umbali. Agosti 1991 Shapour Bakhtiar, waziri mkuu wa mwisho wa Shah, aliuawa nyumbani kwake Suresnes. Septemba 1992 wapinzani wanne waliuawa katika mkahawa wa Mykonos mjini Berlin, na Aprili 1997 mahakama ya Ujerumani ilihitimisha kuwa amri ilitoka katika ngazi za juu za uongozi wa Iran. Katika mazingira hayo, anayepiga simu kutoka nyumbani angeweza kudhaniwa kuwa mpelelezi, na anayepokea simu kutoka nje angeweza kushtakiwa kwa ujasusi.

Televisheni za setilaiti zilileta ukaribu wa aina fulani. Madishi yalipigwa marufuku Iran mwaka 1995, lakini yaliendelea kuota juu ya mapaa. Mwaka 2000 stesheni ya NITV ilianza kurusha matangazo kutoka Los Angeles, na nyingine zikafuata. Watazamaji wa Iran walipiga simu studio, lakini ajenda, muda na kitufe cha kukata simu vilikuwa mikononi mwa mtangazaji aliyeiona nchi mara ya mwisho miaka 20 nyuma.

6. Mkutano wa Berlin, Aprili 2000

Kisa kinachobeba funzo zito kuliko vyote ni cha Aprili 2000. Miezi miwili kabla yake wanamageuzi walikuwa wameshinda uchaguzi wa Bunge, na Rais Mohammad Khatami alikuwa akiihimiza dunia ifanye mazungumzo baina ya staarabu. Wakfu wa Heinrich Böll wa Ujerumani uliwaalika Berlin waandishi, wanasheria na wanaharakati kutoka Iran kujadili mustakabali wa nchi mbele ya hadhira iliyojumuisha Wairani wengi wa uhamishoni. Miongoni mwa walioalikwa walikuwa mwandishi wa habari Akbar Ganji, mwanasheria Mehrangiz Kar, mchapishaji Shahla Lahiji, mwanazuoni Hassan Yousefi Eshkevari na mwanasiasa mkongwe Ezzatollah Sahabi.

Baadhi ya makundi ya uhamishoni yaliwaona wageni hao kuwa pambo la utawala waliouchukia. Walipiga kelele na kuvuruga vikao. Mwanamke mmoja alicheza ngoma na mwanamume mmoja akavua nguo. Televisheni ya taifa ya Iran ilionyesha picha hizo kama ushahidi kwamba wanamageuzi walishiriki mkusanyiko wa aibu dhidi ya dini na taifa. Washiriki kadhaa walikamatwa waliporejea na kushtakiwa kwa kuhatarisha usalama wa taifa. Januari 2001 Ganji alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Kar na Lahiji walihukumiwa miaka minne kila mmoja, adhabu zilizopunguzwa baadaye katika rufaa. Eshkevari alifikishwa mbele ya mahakama maalumu ya wanazuoni. Miongoni mwa waliohukumiwa vifungo virefu walikuwamo wafasiri wawili. Katika mwezi huohuo wa mkutano, magazeti zaidi ya kumi ya wanamageuzi yalifungwa.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, wapinzani wakali wa uhamishoni na wahafidhina wa Tehran, waliokuwa maadui, walitumia tukio lilelile kufikia lengo moja: kuwaondolea heshima watu waliosimama katikati. Pili, waliopiga kelele walirudi nyumbani kwao Ulaya jioni ileile, na waliopigiwa kelele walirudi nyumbani kwao gerezani. Waandaaji walikuwa na nia njema, lakini hapakuwa na mpango wa kumlinda aliye dhaifu zaidi ukumbini, yaani yule mwenye tiketi ya kurudi Tehran.

7. Wimbo Mmoja na Hati Mbili, 2022–2023

Septemba 2022 Mahsa Jina Amini, msichana wa Kikurdi wa miaka 22, alifariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili. Kaulimbiu ya mwanamke, maisha na uhuru ilitoka katika harakati za Wakurdi, ikasikika katika mazishi yake huko Saqqez, ikafasiriwa kwa Kiajemi na kuenea nchi nzima. Tarehe 22 Oktoba watu wapatao 80,000, kwa makadirio ya polisi, waliipaza Berlin. Ughaibuni haukuyabuni maneno hayo. Uliyapokea na kuyarudia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wimbo Baraye wa Shervin Hajipour, uliotungwa kutokana na ujumbe mfupi wa Wairani wa kawaida mtandaoni na kuimbwa katika maandamano ya miji mingi ya nje. Februari 2023 ulitunukiwa tuzo ya Grammy. Msanii mwenyewe, aliyebaki Iran, alikuwa amekwisha kukamatwa, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo.

Mwezi huohuo wa Februari 2023, vyama 20 huru vya wafanyakazi na vya kiraia vilitoa ndani ya Iran hati ya madai ya chini kabisa, ikiwamo kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa, kufutwa kwa adhabu ya kifo na usawa wa wanawake. Machi 2023 watu mashuhuri wa uhamishoni walitoa hati yao, iliyojulikana kama Hati ya Mahsa, na kutangaza mshikamano. Katika muda wa wiki chache mshikamano huo ulivunjika kwa tofauti za uongozi na za mustakabali wa mfumo wa dola. Hati ya ndani iliandikwa na watu ambao baadhi ya viongozi wao walikuwa gerezani, na haikupata sehemu ndogo ya nafasi iliyopewa hati ya nje katika vyombo vya habari vya dunia. Nafasi ya kuzisoma hati hizo mbili kama barua na jibu lake ilipita.

8. Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii ya karibu karne moja na nusu inaonyesha kuwa ughaibuni uliusaidia umma wa nyumbani pale ulipopokea swali kabla ya kutoa jibu, kama ilivyokuwa Samarra mwaka 1891, au ulipoyabeba maneno ya ndani bila kuyageuza, kama ilivyokuwa Berlin mwaka 2022. Ulikwama pale ulipojiandikia barua kwa niaba ya msomaji wake, kama alivyofanya Malkam.

Kwa washauri wa sera, mambo manne yanafuata. La kwanza, aliye ndani ndiye aamue kipi kitangazwe, lini na kwa jina la nani, kwa kuwa ndiye atakayelipa. Mkutano usio na kamera ni bora kuliko kamera zisizo na mkutano. La pili, ufadhili upimwe kwa majibu yanayotoka nyumbani, kwa kuwa idadi ya watazamaji haionyeshi kama kuna anayejibu. Sambamba na hilo, nyenzo za kuvuka ukatwaji wa intaneti, kama ule wa Novemba 2019, zihesabiwe kuwa sehemu ya mazungumzo yenyewe. La tatu, wafasiri na wakalimani walindwe sawa na wazungumzaji, na Kikurdi, Kiazeri, Kibaluchi na Kiarabu cha Khuzestan vipewe nafasi kando ya Kiajemi. La nne, wenyeji wa nje waache kumtafuta msemaji mmoja wa taifa zima.

Mahali pa kukutania papo karibu kuliko inavyodhaniwa. Mwenye pasipoti ya Iran huingia Uturuki bila viza, na familia nyingi zilizotengana hukutana huko kwa siku chache, mzazi akitoka Shiraz na mtoto akitoka Toronto. Istanbul haikosi hatari wala wapelelezi. Lakini msafara uliobeba Akhtar mwaka 1876 ulipita njia hiyohiyo, na uliporudi ulibeba barua. Sera yoyote inayodai kusaidia mazungumzo ya Wairani inapaswa kuanza kwa kuuliza nani atazibeba barua za kurudi, na kwa usalama gani.